Ng'ombe wa Karatasi wa Mwanzuki

Mwanzuki, Shinyanga
10 Februari 1952

Kwa Babu yangu mpenzi Valerian Mihayo,

Shikamoo Babu. Bibi Philomena naye shikamoo, ingawa najua ataipokea kwa kubetua mdomo kwa sababu nimekutaja wewe kwanza. Sisi hapa mhola duhu, hatuna neno. Mvua imenyesha vizuri, mtama umenifika kiunoni, na yule mbuzi wako wa pembe moja amezaa pacha. Mguu wa Mama umepona tangu alipotibiwa hospitali ya Kolandoto. Sasa anatembea kunishinda mimi, na kwa kusema anatushinda sote.

Jambo lenyewe ni hili. Shuleni ninakofundisha limeletwa sanduku la vitabu. Si vitabu vya darasa, Babu. Ni vitabu vipya vya Kiswahili, vyembamba, vina picha, na kila kimoja kinaeleza jambo la kweli: nyota, nyoka, nyuki, damu inavyozunguka mwilini, malezi ya mtoto mchanga, watu wa nchi za barafu wanavyojenga nyumba zao. Siku nilipolifungua nilikaa sakafuni nikasahau kupiga kengele, na watoto wakacheza mpaka wakachoka wenyewe. Nilifurahi hata nikaona haya.

Sanduku lilikuja na karani kutoka mjini, jina lake Stanslaus, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye njia nzima juu ya lori alilishikilia kwa mikono miwili lisirushwe na mashimo. Akanieleza kwamba ni majaribio. Kiangazi mkaguzi wa shule atakuja. Akikuta watu wa rika zote wamesoma na vitabu vyote vipo, sanduku litabaki Mwanzuki na tutakuwa tunabadilishiwa vitabu. Vinginevyo litapelekwa mahali pengine na hatutapata jingine.

Sasa watoto wanasoma, lakini watu wazima hawaji. Jirani yetu Mzee Masele alichungulia mlangoni akauliza kama humo mna habari za Mungu. Nikasema hapana. Akauliza kama ni hadithi za sungura na fisi. Nikasema hapana. Akasema basi hakuna kilichobaki, akaenda zake kwa ng'ombe wake. Wengine wanaogopa. Wanasema ukiazima mali ya serikali umejifunga kamba mwenyewe.

Nifanyeje, Babu? Nikipokonywa sanduku hili sitapata usingizi mwaka mzima. Nakutumia kitabu kimoja kinachoeleza mawe na moto ulio chini ya ardhi, maana wewe uko mgodini. Kisome, lakini kirudi kabla ya mkaguzi.

Mjukuu wako akupendaye,
Melania


Kambi ya mgodi, Geita
8 Machi 1952

Kwa mke wangu mdogo Melania,

Marahaba. Mke mwenzako Philomena amepokea salamu zake na kweli alibetua mdomo, ila baadaye nilimsikia akijisifu kwa jirani kwamba mjukuu wake anaandika kama padri. Huku tope tupu. Mimi bado mlinzi wa stoo ya mbao za kuegemezea mashimo. Mbao hazijaibwa, nami sijaziiba, kwa hiyo kazi inaendelea.

Kitabu nilikipata. Kusema kweli nilimwonea Masele huruma, kwa sababu hata mimi nilidhani vitabu ni vya aina mbili tu, vya Mungu na vya sungura. Nilipoona ni cha mawe nilicheka. Nimeishi juu ya mawe haya tangu mgodi unaanza, kitabu kitaniambia nini? Nikafungua ukurasa wa kwanza, na Bibi yako alinipakulia ugali mara mbili kwa sababu wa kwanza ulipoa mbele yangu. Kumbe huko chini sana mawe yanayeyuka kama samli! Kumbe dhahabu ilipanda zamani na maji ya moto, ikaganda kwenye nyufa! Nilimkimbilia Pantaleo, rafiki yangu mchimbaji ambaye hushuka chini kila zamu, nikamuuliza kama kule kuna joto. Akasema lipo sana, lakini siku zote alifikiri ni joto la watu kujazana. Sasa wachimbaji wakitoka zamu wanapita stooni kwangu niwasomee. Sijapata kusikilizwa hivi tangu nibatizwe.

Sasa sikiliza. Kosa lako ni kuwaambia watu waazime. Msukuma akisikia kuazima anasikia deni. Wewe wawekee. Baba yangu hakupata kulaza ng'ombe wake wote kwenye boma lake. Huyu alimweka kwa rafiki wa Maganzo, yule kwa shemeji, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimmalize. Aliyewekewa hunywa maziwa na kupata samadi, na ndama wakizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Mtunzaji mwema mwishowe hupewa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe wake. Na mtu akiwekewa ng'ombe humchunga kuliko wake, maana akimpoteza jina lake limekwenda naye. Basi nenda na kitabu mpaka nyumbani kwa Masele, uketi, unywe maziwa, useme, "Mzee, nimekuja kuweka kwako." Uone kama atakataa.

Jambo jingine. Mkaguzi umemwandika kwa neno moja, karani kwa mistari mitatu pamoja na urefu wake na sauti yake. Nimezeeka, sijapofuka. Ni nani huyo?

Mumeo wa kwanza,
Valerian Mihayo


Mwanzuki
27 Aprili 1952

Babu mpendwa,

Shikamoo, na kwa Bibi shikamoo mbili. Mama ameanza kupalilia pamba na anasema umtumie chumvi ya Geita, eti ya huku haikolei. Pacha wa mbuzi wazima.

Babu, mimi nikuite nabii sasa? Nilikwenda kwa Mzee Masele na kitabu cha nyoka, nikasema maneno yako kama ulivyonifundisha. Alinitazama, kisha akauliza, "Ana ila gani?" Nikamwonyesha ukurasa uliochanika kidogo pembeni. Akautazama kwa makini kama anavyotazama kwato, akaita majirani wawili waushuhudie, halafu akamwambia mkewe alete ngozi laini ya mbuzi wakifunge. Yeye hajui kusoma. Anasomewa na mjukuu wake wa darasa la tatu, huku akibishana na kitabu kwa sauti hata watu wa mtoni wanamsikia.

Habari zilikimbia. Mwanaima, mke wa mwenye duka, alikuja mwenyewe kulalamika kwamba nimempita kama mtu asiyeaminika. Nimeweka kwake kitabu cha kulea mtoto, naye anawasomea wanawake wanaokuja kununua mafuta ya taa, mpaka mumewe anasema watu wamekuwa wakija kusikiliza na kusahau kununua. Mama nimemwekea cha nyuki. Kikongwe mmoja alitembea kutoka ng'ambo ya mto kuniuliza kama damu yake nayo inazunguka, ama imekwisha kutulia kwa uzee. Nikamshika kidole nikakiweka kwenye mapigo ya mkono wake mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini. Kuna siku nawaza, kama ningekuwa mwalimu kwa ajili ya siku ile moja tu, ingetosha.

Sanduku liko tupu kabisa. Kinachonitia wasiwasi kidogo ni kwamba waliowekewa nao wameanza kuwawekea wengine, na mimi sijui tena kipi kiko wapi. Lakini nadhani ndivyo desturi ilivyo.

Kitabu chako cha mawe kiko salama? Kirudishe kabla ya kiangazi, tafadhali. Kuhusu swali lako la karani, mvua huku inaendelea vizuri.

Melania


Geita
25 Mei 1952

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Tu wazima. Bibi yako alikuwa na homa kidogo, imeondoka baada ya yeye kuigombeza. Chumvi nimeifunga, itakuja na mtu.

Nimefurahi kusikia habari za Masele. Nilikuambia. Kumbuka kwamba ni mimi niliyekuambia, na ukimwandikia mtu mwingine yeyote habari hizi usisahau kulitaja jambo hilo.

Kuhusu swali lako la kitabu changu, mvua huku nayo inaendelea vizuri.

Babu yako


Mwanzuki
6 Julai 1952

Kwa Babu Valerian Mihayo,

Shikamoo. Mama hajambo, pamba imepasuka vizuri, chumvi imefika. Mengine sina nguvu ya kuyaandika, kwa hiyo niende kwenye jambo moja kwa moja.

Mkaguzi amekuja ghafla, bila taarifa. Ni Msukuma mwenzetu wa Maswa, lakini amesoma Tabora miaka mingi na anavaa soksi ndefu kama Mzungu. Karani alikuwa naye. Akafungua sanduku, akakuta ndani mna mjusi. Nikamweleza kwamba vitabu viko kwa watu na vinasomwa kila nyumba. Akasema vizuri sana, basi twende tukaone. Babu, nilitembea mbele yake kwa maringo! Nikampeleka kwanza kwa Mzee Masele.

Unakumbuka mwaka jana Bwana Mifugo alipita na makarani wake kuhesabu ng'ombe wa kila boma, na baadaye watu wakalazimishwa kuuza wengine ili kupunguza. Tangu hapo mtu yeyote akija na kalamu akauliza viko vingapi, Mwanzuki nzima ina jibu moja. Mzee Masele alisimama mbele ya boma lake, ngozi ya mbuzi imejitokeza kwapani, akamwambia mkaguzi bila kupepesa jicho, "Vitabu? Sisi ni wafugaji, bwana. Vitabu hatujapata kuviona."

Tulikwenda kwa Mwanaima. Alikuwa amekikalia kitabu. Akasema hata kusoma hajui, na mumewe akaongeza kwamba anamjua tangu alipomwoa, hajui kabisa. Tulipita nyumba baada ya nyumba. Wote waliapa, na kila aliyemaliza kuapa alinikonyeza, kama mtu aliyeniokoa. Hata mama yangu mzazi, Babu! Na asali ya kujifunza kutega nyuki iko mdomoni mwake!

Mkaguzi alinitazama kama mwizi. Akasema ama nimeuza mali ya serikali, ama nimesema uongo. Karani alijaribu kunitetea akaambiwa anyamaze. Mkaguzi amenipa mpaka mwisho wa Agosti. Vitabu vikiwa havimo sandukuni, sanduku linaondoka, na mimi nitaandikiwa barua ambayo mwalimu hapendi kuandikiwa.

Walipoondoka nilirudi kwa Mzee Masele nikamsihi anipe kitabu. Akanipigapiga bega. "Mwalimu, usihofu. Hata wakinifunga, sikuona kitu." Nikalia pale pale bomani mbele ya ndama. Nina hasira nawe Babu, na ninakuhitaji. Ng'ombe waliowekwa wanarudishwaje?

Melania


Geita
24 Julai 1952

Mjukuu wangu Melania,

Marahaba, na pole. Barua yako niliisoma nikacheka mpaka nikamwaga uji, halafu nilipofika pale ulipolia nikaacha kucheka. Nisamehe. Nilikufundisha kuweka, sikukufundisha kuita. Ni kama kumfundisha mtu kupanda mti bila kumwonyesha anavyoshuka.

Sikia. Mwenye ng'ombe hatumi mtu kuhesabu. Anayehesabu ni adui, hata akiwa mwenyewe mwenye mali. Wala haji mbele ya mgeni. Anakwenda peke yake, mikono mitupu, anaketi, anakula anachopewa. Haulizi ng'ombe yuko wapi. Anasema tu, "Nyumbani kwangu kuna jambo." Basi. Mtunzaji haulizi ni jambo gani, maana huenda ni posa, huenda ni msiba. Kesho yake ng'ombe anaonekana njiani. Kama mtunzaji alimweka kwa mwingine, atakwenda yeye kusema maneno hayo hayo huko, na yule kwa mwingine.

Lakini lazima jambo liwepo kweli. Mwanzuki si watu wa kudanganywa na mtoto wao. Ikiwa kuna karani mrefu mwenye sauti ya upole ambaye angependa kupeleka mahari mahali fulani, huu ndio wakati wa kusema, na mimi ng'ombe wa kupokea nitajua pa kuwaweka.

Mkaguzi asikutishe. Mtu wa Maswa ni mtu wa Maswa hata ndani ya soksi.

Babu yako

Mimi ni Bibi yako Philomena. Nimemwomba mke wa Pantaleo aongeze maneno haya wakati babu yako ameenda kutafuta bahasha. Kitabu cha mawe hana. Alikiweka kwa Pantaleo. Pantaleo alipokwenda likizo alikiweka kwa mwanamke mmoja wa Chato anayeuza samaki. Kila siku babu yako anasema atakwenda kukifuata, na kila siku anaumwa mgongo. Nimesema nisije nikafa na siri isiyo yangu.


Mwanzuki
12 Agosti 1952

Babu,

Shikamoo. Bibi shikamoo sana, na Mungu ambariki mke wa Pantaleo.

Nimefanya ulivyosema. Karani sikumtumia, kwa sababu mtu hawezi kuolewa ili vitabu virudi. Nilikaa na Mama tukafikiri ni jambo gani la kweli lililopo, tukaona ni lile lile: nyumba yangu ni shule, na boma lake linataka kufungwa. Nikaenda peke yangu. Kwa Mzee Masele nilikula michembe ya viazi vitamu na karanga mpaka nikashiba, nikasema, "Nyumbani kwangu kuna jambo." Akainamisha kichwa, hakuuliza. Kwa Mwanaima ilikuwa vingine. Aliniuliza papo hapo kama ni harusi, na nilivyokana haraka alicheka akaniita mwongo.

Kesho yake asubuhi vilianza kuja. Babu, havikuja peke yake! Nilikuwa nimesahau maneno yako, kwamba ng'ombe akirudishwa anarudi na ndama wake. Mzee Masele alileta kitabu cha nyoka ndani ya ngozi yake, na pamoja nacho karatasi ambazo mjukuu wake ameandika majina ya Kisukuma ya nyoka wote wa Mwanzuki, kila mmoja na mahali anapopenda kulala. Mama alileta kibuyu cha asali. Waliowekewa kitabu cha nyota walileta ubao waliochorea anga ya kwetu ya mwezi wa Julai. Mwanaima alimweka mwanawe juu ya meza yangu, amenona hana shingo, akasema, "Ndama huyu nitarudi naye, lakini mtazame." Vingine vimetoka mbali mpaka sikujua kama viliwahi kufika huko.

Vyote vimo sandukuni isipokuwa kimoja, na mtunzaji wake ni wewe. Wewe uliyenifundisha! Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi na mgongo wako haumhusu. Ukinipenda, nenda Chato.

Melania


Chato
23 Agosti 1952

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nakuandikia kutoka Chato, juu ya pipa la samaki wakavu, ukisikia harufu usishangae. Bibi yako alinisindikiza mpaka kwenye basi ili ahakikishe nimepanda. Hatusemeshani vizuri, lakini alinifungia kuku.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Sikujua, Mzinza, mkubwa, mkali. Nilimwendea na hasira, nikasahau yote niliyokufundisha. Nikasema nataka kitabu changu. Akaniuliza mimi ni nani. Nilipojieleza alinipa kiti na samaki, akasema ningojee nione. Siku ya soko fundi cherehani alitoa kitabu chini ya cherehani yake akaanza kuwasomea watu, na Sikujua akawanyamazisha wateja wake mwenyewe. Walikuwa wameketi mpaka barabarani, wavuvi, wachuuzi, wanawake na watoto wao, Waislamu kwa Wakristo. Wamefika pale mlima unapotapika moto. Husoma kidogo kila soko, kisha wanabishana mpaka soko linalofuata.

Nikamwambia kinatakiwa Shinyanga. Akanijibu, "Wewe Msukuma, unamwondoaje ng'ombe ambaye bado ana maziwa kwenye kiwele?" Mwuza samaki amenishinda kwa ng'ombe!

Nimekaa nao. Wamekubali kusoma mfululizo ili wamalize, nami nimewasomea kurasa mbili kwa sauti yangu. Wakimaliza, Bartholomeo, ndugu yake Pantaleo, anasafiri kwa mashua mpaka Mwanza, kisha kwa treni kuja Shinyanga, atakileta mkononi. Sijui kama atawahi. Barua hii naitanguliza na gari la posta.

Melania, sikuogopa mgongo. Niliogopa kwamba kimepotea, na kwamba ningekuwa mimi niliyekuvunjia sanduku lako. Nakupenda kuliko ninavyokutania. Kikichelewa, waambie kosa ni la Valerian Mihayo, mlinzi ambaye hajapata kuibiwa hata ubao.

Babu yako


Mwanzuki
14 Septemba 1952

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Bibi mwambie kuku ninamdai mimi sasa. Mama mzima, pamba tumeuza, na watu wote wa hapa wanakusalimu kwa jina lako lote.

Nikuambie ilivyokuwa. Mkaguzi alikuja na karani wake ndani ya gari. Hakukuta mjusi safari hii. Alikuta Mwanzuki nzima imekaa uwanjani, kwa sababu nilipita tena nyumba kwa nyumba, nikawaeleza kwamba huyu hahesabu ili achukue. Akatoa kimoja kimoja mezani, akalinganisha na orodha yake. Uso wake ulianza kulainika. Alipofika mwisho akaniuliza cha mawe kiko wapi. Bartholomeo alikuwa hajafika. Nikasema kiko Chato. Akafunga mfuniko, akasema anasikitika, lakini sharti ni sharti, akamwamuru karani apakie. Sijapata kuona mtu akifunga kamba polepole namna ile.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, imefika juzi yake. Sikuwa na jambo jingine la kufanya, nikaitoa nikaisoma mbele ya watu wote. Nilisoma habari za pipa, za fundi cherehani, za mlima na kiwele. Watu walicheka. Hata pale mwishoni, uliposema unanipenda, sikuruka neno.

Mzee Masele akasimama na fimbo yake, akamsemesha mkaguzi kwa Kisukuma, pole pole, kama mtu na mtoto wa rafiki yake.

"Baba yako alikuwa na ng'ombe?"

"Alikuwa nao."

"Wote walilala bomani kwake?"

Mkaguzi akaanza kucheka, Babu, kicheko cha Maswa kabisa, akavua kofia. Akasema hapana, hawakulala wote. Akasema baba yake alikuwa na ng'ombe mmoja ng'ambo ya ziwa ambaye hakumwona tena mpaka mzee huyo alipokufa, na hakuna aliyesema ng'ombe huyo amepotea. Akamwambia karani afungue kamba. Hilo karani alilifanya upesi sana.

Sanduku linabaki. Nililia tena, mbele ya mkaguzi, wala sioni haya.

Nikadhani yamekwisha, lakini Mzee Masele alikuwa hajaketi. Akasema wao wametunza kundi la mtu kutoka mvua mpaka kiangazi, hakuna mnyama aliyekufa, na ndama wamewakabidhi. Sasa mtunzaji anangoja mtamba wake. Watu wakaitikia. Mkaguzi alijikuna shingo. Akasema serikali haina desturi hiyo, lakini yeye anayo, na kitabu kimoja atakilipia kwa mfuko wake kibaki Mwanzuki daima. Akapanga vyote mezani wachague.

Hawakusogea mezani. Waliteta wao kwa wao, wazee kwa wanawake, hata watoto wakaulizwa. Kisha Mzee Masele akasema wanataka cha mawe.

Mkaguzi akashangaa. "Mnachagua kile ambacho hamjakiona?"

"Hivi vingine tunajua vinasema nini," Mzee Masele akamjibu.

Bartholomeo alifika Alhamisi. Kitabu kinanuka dagaa, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa cherehani, na kila ukurasa una alama ya vidole vya watu nisiowajua. Karani aliomba ruhusa akaja Jumapili kutusikiliza. Stanslaus ndilo jina lake, Babu, ulilijua tangu mwanzo, na kuna barua atakuandikia mwenyewe. Umjibu kwa adabu.

Nilikaa kwenye kiti cha mkaguzi, watu wakanizunguka, mtoto wa Mwanaima magotini kwangu akivuta kurasa. Nikasoma pale panaposema kwamba chini ya miguu yetu, chini kabisa, mawe yanayeyuka. Mzee Masele alitazama ardhi, akasogeza mguu wake mmoja, akauweka tena taratibu.

"Endelea," akasema.

Mjukuu wako,
Melania